Courant Iliyobakia

Lundi, tarehe 7 mwezi wa kumi 2024

Leo mimi mwenyewe, muzee wa mvi na goti moja ya kuuma, nilibeba serveur mupya, ile kompyuta mama ya hospitali, ku bega langu, toka barabara mpaka juu, kupitia ile njia ya mawe yenye inashinda hata mapikipiki. Peke yangu! Masista walisimama ku baraza na kupiga makofi. Kadutu, mutaa wetu wote, itaongea.

Bon. Hapana. Nilibeba karatoni. Tupu. Serveur yenyewe ilikuwa mbele, vijana wameibeba kama jeneza, mimi niko nyuma na karatoni ku kichwa. Nimeileta nyumbani, kuku wa Agathe watatagia mayai ndani. Na masista hawakupiga makofi. Mumoja alicheka.

Naandika hapa sababu bibi yangu Agathe amechoka kunisikiliza. Anasema: Papa Destin, uongo yako andikia karatasi, karatasi haina masikio. Destin njo mutoto wetu wa kwanza, eko Kinshasa, naye hanisikilizi.

Kazi yangu ni motoriste. Nachunga groupe, ile mashine ya kunywa mazutu, dizeli, yenye inatoa courant, umeme, wakati courant ya muji imekufa — maana yake kila siku. Kwa hiyo hospitali yote inaniita Papa Groupe. Serveur ya zamani ilikuwa inanguruma, inatoa moto, inakunywa mazutu yangu kama mulevi wa kasiksi. Lakini ndani yake njo kulikuwa kila kitu: majina ya wagonjwa, dawa zao, damu ya nani iko mu mufuko gani. Sasa vyote wamehamisha mu hii mupya. Nimeweka sikio: kimya. Nimeweka mukono: baridi.

Madame Aurore, mwenye kuchunga ordinateurs, kompyuta zote, alinieleza. Ndani yake kuna mioyo midogo mingi, na kila moyo unakula courant kidogo, kama sista mu Kwaresima. Panneaux za jua ku paa na batri zake zinatosha.

— Sasa mimi nitafanya nini?

— Utapumuzika, Papa Groupe.

Ile neno sikuipenda. Mu umri yangu, wenye kupumuzika hawarudiake.

Mercredi, tarehe 9

Groupe imeenda. Waliuzia mutu wa Sange, anataka kukoboa nayo muchele. Niliipiga-piga mugongoni mbele wapandishe ku camion. Nikasema napangusa vumbi.

Directeur amenipa cheo mupya: mulinzi wa batri. Ufunguo, kiti, na taa za kuangalia ku ukuta. Kijani, batri zimejaa. Orange, zinashuka. Nyekundu, zinakufa. Njo masomo yote. Mimi niliacha masomo mu primaire, inanitosha.

Kisha Aurore na Directeur waligombana mbele yangu, wanafikiri mimi ni kiti. Nilishika hivi. Ile programu kubwa yenye inapanga majina yote — base de données, banaita — iko ya kampuni ya mbali, na wenyewe wanalipisha kwa kila moyo wenye kupiga. Mioyo mingi, makuta, pesa za hospitali, kidogo. Basi Aurore amelazimika kuzima mioyo karibu yote, aache michache tu. Sasa programu nzito imekalia mioyo michache midogo, inatembea kama mutu amebeba gunia ya mihogo ku mulima. Ba infirmières wenye kuuguza wanalia.

Directeur: Fanya ikimbie!

Aurore: Kuko namna moja. Itakuwa inajibu "nimeandika" mbele ya kuandika. Inaweka kwanza mu kichwa, kisha, ikipata nafasi, inaandika ku disque, pahali hakupotei. Courant ikikatika katikati, ile yenye ilikuwa mu kichwa imepotea.

Directeur: Na itakatika namna gani? Jua iko ya nani?

Nilicheka ndani. Njo vile nilikuwa nafanya masomoni. Mwalimu anauliza, umeandika? Ndiyo mwalimu! Na daftari nyeupe kabisa.

Aurore akafanya vile. Mbele ya kutoka alinyoosha kidole: hapa hakuna mutu anachomeka kitu.

— Hata simu?

— Hata simu, Papa Groupe.

Yangu ilikuwa nyuma ya kiti, inakunywa.

Jeudi, tarehe 10

Goître ya Agathe, ule uvimbe wa shingo, imeanza kumukaba. Akiongea, pumzi inapita kama mu filimbi. Docteur Emile alimugusa shingo mingi, halafu akasema: tunapasua vendredi, tarehe 8 ya mwezi unaokuja. Shida ni damu. Yake ni O négatif, haipatikanake ovyo. Wataitafuta mbele ya ile siku.

Nikamuambia: ona, bibi, hata damu yako iko na kiburi. Alicheka, kisha akakohoa mpaka nikajuta.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Taa ya kijani toka asubui. Batri zinajaa, serveur inalamba kidogo tu, ingine inabakia bure. Na kwetu hapa sahani yenye mutu hamalizi haikae. Mukono wa jirani iko njiani. Ukipata kazi, ndugu wote wamepata kazi. Sasa serveur njo amepata kazi, na hana ndugu, masikini. Nani atamusaidia kula?

Maman Mélanie wa cantine alikuja kisha misa, amefunga kitambaa kipya. Yeye njo anapikia wagonjwa na ba docteur. Congélateur yake, friji ya kugandisha, imekufa toka groupe iende, na sambaza, dagaa zake, zinaoza.

— Papa Groupe, nasikia huko kwako courant inamwangika chini.

— Nani amesema?

— Simu yako. Iko inawaka kila siku, na sisi wote zetu zimekufa.

Mwanamuke huyo angekuwa polisi.

Chumba ya batri na cantine zinagawana ukuta moja. Nilivuta waya. Na mimi si mujinga: nikichomeka waziwazi, Aurore ataona. Kwa hiyo niliunga waya ya Mélanie ku waya yenyewe ya serveur, ndani ya ukuta, nikapaka ciment juu. Kazi safi! Hata malaika hataona. Hakuna mutu ataweza kukata moja bila kukata ile ingine — isipokuwa Mélanie mwenyewe, kule jikoni, akichomoa fiche, plagi yake.

Aliweka mukono ku kifua.

— Papa Groupe, niko na deni yako ya wema. Siku utaniomba kitu kidogo, kitu chochote, mimi nikatae? Nife!

— Usikufe. Lete sambaza kwanza.

Alileta. Zilikuwa zinanuka kidogo. Nilikula zote.

Vendredi, tarehe 18

Habari ya courant bure inatembea bila miguu. Abbé Elysée, padiri wa hospitali, alikuja na ampli ya kwaya, ile ya kukuza sauti. Alisema ni kwa utukufu wa Mungu. Nikamuambia, Padiri, ya Mungu haiombwe, chomeka. Kisha ndugu za wagonjwa na simu zao: zimetundikwa ku waya kama popo. Kisha — hii nataka niandike vizuri — Directeur mwenyewe. Alifunga mulango nyuma yake.

— Papa Groupe, kuko namna?

— Kuko namna, Directeur.

Birika ya chai na friji ndogo.

Aurore aliingia ku saa kumi, akaona zile simu. Weee! Sauti ile! Directeur alitoka mu bureau yake na kikombe mu mukono, moshi ya chai inapanda.

— Madame Aurore, si ulisema wewe mwenyewe serveur inakula kidogo?

— Nilisema inakula kidogo. Sikusema haikule.

Aliangalia kile kikombe muda murefu.

Mvua imeanza. Leo magaribi, mara ya kwanza, taa iliwaka orange. Ni rangi nzuri, kweli.

Lundi, tarehe 28

Mvua juma nzima. Mawingu yamelala ku Kadutu kama mutu amekataa kuamuka.

Asubui courant ilikufa. Kidogo tu, muda wa kukunja tumbaku. Iliporudia, kuko mutoto mwanamuke mwenye alizaliwa alfajiri: eko ananyonya, analia, amekojolea infirmière — na machine haimujui. Inasema mama yake angali na mimba. Nilicheka mpaka machozi. Nikamuambia mama yake: rudisha, maman, uzae tena, safari hii mbele ya mashahidi!

Hakuna mwenye alicheka na mimi. Aurore alikaa chini ku ciment na suruali yake safi.

— Wakati inaamuka vibaya, alisema, inarudia nyuma mpaka pahali inakumbuka muzuri. Kisha pale, haina kitu.

— Na kitu chenye imesahau?

— Haijui kama imesahau, Papa Groupe. Njo ubaya wake.

Kisha akauliza nani amechomeka kitu kikubwa. Batri zinashuka kuliko hesabu yake. Nikaangalia juu ku plafond. Nikasema: panya.

Usingizi haikukuja muzuri kisha pale. Ile kimya ya mashine. Groupe yangu ikiwa na shida ilikuwa inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakuambia. Hii inakufa na uso ileile yenye inaishi nayo.

Samedi, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Sikukuu ya marehemu. Nilienda ku makaburi na maua ya Agathe, yeye hakuweza kupanda. Anapumuzika kila hatua.

Habari njema: damu imepatikana! Jana, siku ya Watakatifu wote, wanafunzi wa séminaire walikuja kutoa, na katikati yao kuko mumoja wa O négatif. Mu frigo ya damu, yenye iko na panneau yake kama bloc ya kupasulia, ku mufuko kuko namba tu. Jina ya mwenye kuwekewa iko mu machine. Niliona infirmière anaandika jina ya Agathe na macho yangu. Machine ikajibu: imeandikwa.

Jana vilevile Cyprien alikufa, menuisier, fundi mbao wa Mudaka, wa ku kitanda ya dirisha. Tulikuwa tunataniana. Alisema atanitengenezea jeneza fupi, kwa kuokoa mbao. Infirmière huyohuyo alimuandika marehemu. Imeandikwa.

Jana magaribi kwaya ya Abbé ilijaribu nyimbo za marehemu na ampli. Nyekundu. Kisha giza katikati ya Alleluia. Leo walimuzika Cyprien kwao.

Lundi, tarehe 4

Andika, muzee, andika yote.

Asubui, couloir imejaa watu. Infirmière wa zamu mupya anatoka na karatasi yenye imetoka ku machine, anaita majina kwa ajili ya piqûre, sindano. Anaita moja, anaita ingine. Kisha:

— Cyprien! Cyprien wa Mudaka! Papa Cyprien eko wapi?

Mujane wake alikuwa pale. Alikuja kutafuta karatasi ya kifo. Ameketi ku banc na kitambaa cheupe ku kichwa.

Infirmière akaita tena, na hasira kidogo, namna wanaita watu wenye kuchelewa.

Sijasikia sauti kama ile ya yule mama. Haikuwa kilio. Alisimama, akageuka kuangalia mulango. Alifikiri anakuja! Naapa. Kwa muda kidogo alikuwa anamungojea.



Kisha nikawaza: kama Cyprien amerudia, nani ameenda? Nilikimbia kwa Aurore, na hii goti. Aliandika jina ya Agathe. Jina iko. Goître iko. Vendredi iko. Damu — hakuna. Ule mufuko, machine inasema ni wa kila mutu.

Alitelemuka mwenyewe ku frigo ya damu, akaona mufuko ungali, shukrani kwa Nyamuzinda, Mungu wa wazee wetu, akaandika tena. Akaniangalia.

— Isikatike mpaka vendredi, Papa Groupe. Nakuomba wewe mwenye uko pale. Isikatike.

Aliingia kwa Directeur kuomba batoe kila kitu, barudie ku karatasi kwa muda. Nilisikiliza ku mulango. Directeur alikataa: vendredi wageni wanakuja, wale wenye walilipa panneaux. Unataka nibaonyeshe karatasi?

Mercredi, tarehe 6

Sasa mimi njo adui wa hospitali.

Jana nilitoa simu zote. Mumoja aliniita muzee wa roho mbaya, ingine akasema nitakufa na giza. Nilitoa ampli.

— Unanyamazisha Mungu, Papa Groupe? Abbé ananiuliza.

— Mungu anasikiaka bila ampli, Padiri. Ni sisi wenye hatusikie.

Nilitoa hata birika ya Directeur. Aliuliza nani. Nikasema: panya. Panya wa hapa wanajua kufungua hata vis, skrubu.

Na taa ingali orange. Jua haikuonekana, hata kama sarafu ndogo nyuma ya mawingu. Imebakia kubwa moja. Ile waya yenye nilificha mimi mwenyewe, fundi mukubwa, malaika hataona!

Nilienda kwa Mélanie. Congélateur imejaa kuku za wale wageni wa vendredi, mpaka kifuniko inainuka.

— Maman, toa ile fiche kidogo. Siku mbili.

— Papa Groupe, unaumwa? Kuku ya Directeur zioze? Vendredi magaribi nitatoa, utacheza nayo.

Na sikumuambia sababu. Akijua yeye, cantine itajua, Aurore atajua ni mimi. Nilicheka kama ni muzaha. Alinipa bawa ya kuku. Nilikula njiani, na aibu, na ilikuwa tamu.

Magaribi Agathe ameingia kitanda ya hospitali. Ni ile ya dirisha. Sikumuambia ilikuwa ya nani. Aliniuliza:

— Papa Destin, mbona leo hunidanganyi kitu?

Nikasema serveur nilibeba mimi ku bega. Alifunga macho, akacheka bila sauti, sababu sauti haipite tena.

Vendredi, tarehe 8

Wamemuingiza Agathe ku bloc asubui. Alinipatia pete yake na meno yake ya mbele ya bandia. Nimeyafunga mu kitambaa, iko mu mufuko ya shati.

Mvua. Taa ni nyekundu.

Nilimuambia Aurore. Yote — waya, ukuta, ciment, sambaza. Nilingojea makelele. Hakupiga makelele. Aliniangalia tu namna wanaangalia mugonjwa mwenye hajaambiwa.

— Tukikata waya, tunakata serveur.

— Ndiyo.

— Na kuizima polepole siwezi sasa. Docteur Emile amefungua. Shingo inatoa damu mingi, ule mufuko umekwisha, wanatafuta mwingine mu machine wenye kumufaa.

Namba ya ule wa kwanza ilikuwa imeandikwa ku kiganja cha Aurore na bic. Ya wa pili haijatoka. Machine inatafuta, polepole, na mioyo yake michache.

Akasema: kimbia kwa Mélanie.

Cantine imefungwa. Mulango ya chuma, cadenas mbili, kufuli nzito. Ameenda ku soko ya Kadutu kutafuta nyanya za wageni. Nimepiga mulango na jiwe, jiwe imepasuka. Nimemuita ku simu: haipatikane. Imekufa. Alikuwa anaichajia kwangu. Nilimutoa mimi, mardi, na wengine wote.

Ndani nasikia congélateur. Huyo njo anasikika! Anaimba pole, ametosheka, kama mutoto amenyonya.

Niko naandika hapa ku ngazi ya cantine sababu mikono inataka kitu cha kushika. Toka hapa naona dirisha ya batri. Nyekundu imeanza kupepesa. Naona na mulango ya bloc: infirmière ametoka, amevaa kofia ya kijani, anaangalia upande wa Aurore, anangojea namba.

Na naona njia. Eko anapanda! Kitambaa kipya, kitunga ya nyanya ku kichwa. Anasimama kuongea na mutu wa makaa. Anacheka. Mélanie! Haraka! — Hapana, usikimbie, mawe ina utelezi, utaanguka na ufunguo. Kuja tu. Anapunga mukono. Anafikiri namusalimia.

Maman Mélanie, kumbuka. Uliweka mukono ku kifua. Ulisema siku nitakuomba kitu kidogo. Sitaki kuku, sitaki sambaza. Tua kitunga, fungua mulango, shika ile fiche, maman, na uvute. Kuvuta tu.